Fundi wa Sidiria na Barua za Ijumaa

Mtaani walimwita Mama Vikombe, na hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, kimebanwa kati ya duka la rangi za nyumba na ofisi ya wakala wa bima. Mgeni aliyelisikia jina kwa mara ya kwanza alidhani anauza vyombo. Angeingia kuulizia vikombe vya chai, akute sidiria zimetundikwa ukuta mzima, vikombe vyake vikimtazama, kisha atoke haraka akijifanya simu yake inaita. Mama Vikombe alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Alishona sidiria za wanawake waliokatwa titi. Zamani alikuwa akishona sare za shule na mapazia, kazi ya kawaida ya fundi cherehani yeyote. Aliyembadilishia kazi ni dada yake mkubwa.

Dada huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mkali wa maneno, asiyependa kuonewa huruma. Alipoondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, alikaa nyumbani mpaka kidonda kikafunga, kisha akarudi darasani na soksi mbili alizozikunja na kuzitia ndani ya sidiria. Siku moja alinyanyua mkono kuandika juu kabisa ya ubao, soksi moja ikapanda, ikachungulia kwenye shingo ya blauzi, ikaanguka mbele ya wanafunzi. Mwalimu aliinama, akaiokota, akaitia mfukoni, akamaliza hesabu yake mpaka mstari wa mwisho. Kengele ilipolia alikwenda moja kwa moja dukani kwa mdogo wake, akafunga mlango, akaketi juu ya robota la vitambaa.

"Nishonee kitu kisichoanguka," alisema. "Mengine yote nitayavumilia."

Mama Vikombe alimpima. Hakuwa ameliona lile kovu kabla ya siku hiyo, na ilibidi ajifanye anatafuta chaki ili ageuze uso. Alishona sidiria yenye mfuko kwa ndani, na mto mdogo wa pamba wa kuingia humo. Mto ulikuwa mwepesi mno, bega la upande ule likawa linapanda juu. Akajaza mchanga, bega likashuka chini kama la mtu aliyebeba ndoo. Alishona na kufumua, akashona na kufumua tena, mpaka akapata pamba iliyochanganywa na mbegu ndogondogo, mabega yakawa sawa. Dada yake alisimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku. Kisha akavaa blauzi yake, akafunga vifungo vyote, akasema, "Haya. Wale watoto wana mtihani," akaondoka.

Barua zilianza hivyohivyo, bila mpango. Wodini dada alikuwa ametoka na anwani za barua pepe za wanawake aliolala nao vitanda jirani, na kila Ijumaa akawa anawaandikia. Hakuandika kama daktari. Aliandika namna ya kulala usiku kidonda kikivuta, namna ya kuchana nywele kwa mkono usiotaka kupanda, namna ya kumkumbatia mtoto anayekuja mbio bila wewe kupiga kelele kwa maumivu. Aliandika pia jinsi alivyomtazama mumewe siku ya kwanza aliyovua nguo mbele yake, na mume akasema, "Nenda ukalale, umechoka," na yeye akashindwa kujua kama hayo yalikuwa mapenzi au kukimbia. Mume huyo alikuja kufariki kwa ajali, na dada hakupata kumuuliza.

Walikuwa na binti mmoja tu, aliyesomea kompyuta na kujipatia riziki kwa kuwatengenezea watu tovuti. Ndiye aliyemtengenezea mama yake mdogo tovuti ya duka, akaweka humo barua za mama yake. Chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo msomaji alifika akiwa amechoka, aliweka fomu ya kujiandikisha: "Jiunge na jarida letu." Fomu ilidai jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na mahali unapoishi. Waliojiandikisha hawakufika watu wa kujaza basi dogo, na karibu wote ni wale dada aliokutana nao ana kwa ana.

Ugonjwa ulirudi na kuingia mifupani. Wiki zake za mwisho dada aliongea kidogo, na maneno yake mengi yalikuwa maagizo. "Barua msiziache," aliwaambia mdogo wake na binti yake, mmoja amemshika mkono huu na mwingine ule. "Wale wanawake wanazisubiri kuliko mnavyodhani."

Walimzika siku ya Ijumaa, na Ijumaa hiyo barua haikwenda. Iliyofuata, Mama Vikombe aliiegemea meza ya kukatia akaitazama kompyuta ya msichana kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

"Mimi kuandika sijui, mwanangu."

"Wewe sema tu, mama mdogo. Endelea kushona kama hakuna mtu. Mimi nitaandika."

Ikawa hivyo. Mmoja alishona akizungumza, mwingine aliketi upande wa pili wa meza akiandika, na barua zikaendelea kwenda.

Binti hakulia mazishini. Alipanga viti, alipokea wageni, aliwashukuru walimu waliofundisha na mama yake mmoja baada ya mwingine kwa sauti isiyotetemeka, na watu wakamsifu kwa ujasiri. Baadaye alihamia kwa mama yake mdogo na begi moja. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alifungua kompyuta kutazama idadi ya waliojiandikisha.

"Ni walewale," alikuwa akisema. "Mama aliandika mambo yote haya, halafu wanaoyasoma ni hawa tu."

"Si haba. Wapo."

"Mama mdogo, mama hakustahili kuishia kwa watu wachache namna hii."

Mama Vikombe alivuta uzi, akaukata kwa meno. Alikuwa akisikia kwamba msichana hazungumzii tovuti.

Siku moja binti akaja na wazo. Mtu akifungua tovuti, kabla hajasoma hata neno moja, dirisha litamrukia usoni: "Andika barua pepe yako ushinde simu mpya!" Maandishi yalikuwa mekundu, na pembeni saa ikihesabu kurudi nyuma ili mtu aone anachelewa. Simu yenyewe alikuwa ameipata kwa rafiki aliyefanya naye kazi. Mama Vikombe alilitazama lile dirisha, akauliza, "Sasa huyu anayetaka simu, sidiria zetu atazifanyia nini?"

"Waje kwanza. Wakishakuja watasoma."

Na kweli walikuja. Watu walisambaziana habari za simu ya bure, orodha ikapanda mpaka mamia, ikaingia maelfu. Kila jioni binti alimsomea mama yake mdogo idadi mpya kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani aliofaulu. Akaanza kucheka. Jioni moja alisukuma sahani yake mbele akaomba aongezewe chakula. Mama Vikombe alikuwa amekusudia kumuuliza hawa watu wote wamekatwa titi lini, lakini alipoiona ile sahani, swali likamfia mdomoni.

Aliyeshinda simu ni kijana mmoja wa mbali, ambaye badala ya shukrani aliuliza kama inakuja na chaja. Wengine wakaandika kulalamika kwamba wameibiwa. Kisha zikaanza kuja barua za aina nyingine. Wanaume waliokuwa wamejiandikisha kwa ajili ya simu sasa walikuwa wanapokea kila Ijumaa barua juu ya makovu na vifua vya wanawake, na baadhi yao waliona ni mchezo. Walijibu kwa matusi, na wengine kwa picha. Binti alizifuta haraka kabla mama yake mdogo hajaziona.

Mama Vikombe aliiona moja kwa bahati mbaya. Msichana alikuwa bafuni, kompyuta iko wazi juu ya meza, naye akasogea kufuta vumbi la vitambaa. Kwenye skrini mtu alikuwa ameuliza kama wanawake wa titi moja wanapatikana kwa nusu bei. Alisoma, akaelewa, akatafuta kiti.

"Wako wangapi wa namna hii?" alimuuliza binti aliporudi na taulo kichwani.

"Wachache. Ukiwa na watu wengi, wahuni hawakosekani, mama mdogo. Usiwajali."

"Na wale wetu? Wa wodini. Wanajibu?"

Msichana alikausha nywele kwa nguvu zaidi. "Watajibu. Wana mambo yao."

Ukweli ni kwamba kwa wiki nyingi hakuna hata mmoja wa zamani aliyejibu.

Baada ya hapo ndipo alipokuja mpishi. Huyu alikuwa mmoja wa wale wa zamani na alipikia bweni la shule, mwanamke wa sauti kubwa aliyependa kusema kwamba sufuria zake zinamwogopa. Mama Vikombe alikuwa amemshonea sidiria mbili, na kila mara alipokuja duka lilijaa kicheko mpaka wakala wa bima akagonga ukuta. Siku hiyo aliingia taratibu, amevaa sweta zito wakati wa joto, mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto.

"Nimekuja kuona kama uko hai," alisema.

"Niko hai, dada. Kwa nini nisiwe hai?"

"Mbona ulininyamazia?"

Alivua sweta kwa shida. Mkono ulikuwa umevimba kuanzia begani hadi vidoleni, ngozi imevutika na kung'aa, pete imekatwa ikabaki alama. Binti aliinuka kwenye kompyuta yake.

"Barua ya mwisho niliyoipata," mpishi alisema, "ulituambia Ijumaa ijayo tutazungumza juu ya mkono wa upande uliokatwa, unapovimba. Na wangu ulikuwa umeanza kuvimba. Nikafurahi, nikasema, haya, nitaandikiwa. Ijumaa ikaja, kimya. Nikasema labda ijayo. Kwenda hospitali kupanga foleni kwa jambo ambalo nitaandikiwa nikaona ni kujisumbua. Nikawa nausugua kwa mafuta ya moto jioni. Ukawa mwekundu, ukawa moto. Mwisho wake nikaanguka jikoni na homa, wakanibeba."

"Dada yangu," Mama Vikombe alisema.

"Madaktari wameuokoa. Wanasema ningechelewa kidogo tu damu yote ingechafuka. Lakini unene huu hauondoki wote. Sufuria siwezi kunyanyua tena. Kwanza waliniweka kwenye kumenya viazi, baadaye wakaniambia nipumzike nyumbani." Alilikunjakunja sweta kwa mkono mzima. "Sikuja kulaumu. Nilidhani umetuchoka tu, kama watu wanavyochoka."

"Lakini tulituma!" binti alisema. "Ya mkono tulituma. Tumetuma kila Ijumaa!"

Aliomba simu ya mpishi. Haikumchukua muda. Barua zote zilikuwa humo, kwenye folda ya barua taka, zimejipanga bila kufunguliwa katikati ya matangazo ya dawa za uongo na bahati nasibu. Ya mkono ilikuwepo. Aliifungua, na bila kuambiwa akaanza kuisoma kwa sauti: usiusugue, usiuweke kwenye joto, ukiona umekuwa mwekundu na una homa nenda hospitali siku hiyohiyo. Alipofika hapo akaacha, akairudisha simu mezani.

"Imefikaje huko?" mpishi aliuliza.

Binti alieleza bila kumtazama mtu. "Kampuni zinazopeleka barua pepe huwa zinaangalia. Zikiona unatuma kwa maelfu ya watu, kama hawa waliokuja kwa zawadi ya simu, na karibu hakuna anayefungua, nyingine zinarudi kwa sababu anwani ni za uongo, na wengine wanabonyeza kwamba hizi ni takataka, basi zinaamua wewe ni takataka. Zinakutupa kwenye taka kwa kila mtu. Hata kwa anayekusubiri."

"Kumbe wale wa simu ndio walioniziba njia," mpishi alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi msichana. Alitoka nje, akasimama mbele ya duka la rangi akiwapa mgongo.

Jioni hiyo hawakula. Mama Vikombe alikuwa akikunja vitambaa ambavyo vilikwishakunjwa.

"Ni mimi," binti alisema. "Nimemharibia mkono."

"Tuko wawili. Mambo ya kompyuta siyajui, lakini tangu mwanzo nilijua wale si watu wetu. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umeanza kula."

Msichana aliigeukia kompyuta. "Unataka niwafute."

"Ndiyo."

"Mama mdogo, ni maelfu. Nikiwafuta, mama anabaki na nani?"

"Anabaki na wale aliokuwa anawaandikia."

Binti alifunga kompyuta, akaenda kulala. Siku mbili alizunguka ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza funguo. Ya tatu aliketi kwenye kompyuta akawaandikia wote walioingia kwa dirisha la zawadi barua fupi isiyo na mapambo: hapa tunaandika juu ya maisha baada ya kukatwa titi, kama yanakuhusu, bonyeza hapa ubaki, usipobonyeza tutakuondoa, na hatutakusumbua tena. Alisubiri wiki mbili. Waliobonyeza ni wachache, lakini walikuwepo: wanawake waliokuja kwa ajili ya simu wakakuta kitu wasichokitegemea. Hao aliwabakiza pamoja na wale wa zamani. Waliosalia aliwachagua wote kwa pamoja, kidole kikasita juu ya kitufe.

"Ni kama siku tulipotoa nguo zake kabatini," alisema.

"Najua."

Akabonyeza. Kisha akalaza kichwa juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na futi kamba, akalia kile kilio ambacho watu walikitegemea siku ya mazishi. Mama Vikombe alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo. Hakumwambia anyamaze.

Fomu mpya waliitengeneza watatu, kwa maana mpishi sasa alikuwa anakuja karibu kila siku. Alisema nyumbani kuta zinamtazama. Binti alimfungulia ile ya zamani akamwomba aisome kama mtu asiyewajua.

"Hili jarida ndiyo nini?" mpishi aliuliza. "Mimi nilikuwa nataka barua."

Binti akafuta neno jarida.

"Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Mtaniletea keki?"

Ikafutwa. Jina la ukoo likafutwa, na namba ya simu, na mahali. Mpishi akazidi kuinama mbele ya skrini. "Sasa sikiliza, mwanangu. Simu yangu anaishika mume wangu, wanaishika watoto, na jirani akiishiwa salio anaishika. Barua ikija imeandikwa titi juu kabisa, wote wamesoma kabla yangu. Wengi wetu hata mama zetu hatujawaambia."

Hilo halikuwa limemwingia binti akilini hata kidogo. Aliandika pembeni: kichwa cha barua kiseme "Barua ya Ijumaa" tu. Halafu akauliza, "Na dirisha je? Likiruka mtu anapoingia?"

"Mtu akinirukia mlangoni nafunga mlango," Mama Vikombe alisema kutoka kwenye cherehani. "Mteja wangu namwacha ashike kitambaa kwanza."

Basi dirisha likaondolewa, na fomu ikahamishwa kutoka chini kabisa ya tovuti ikawekwa ndani ya kurasa zenyewe. Aliyemaliza kusoma habari za kulala na kidonda aliikuta palepale ikimuuliza kama angependa kuandikiwa zaidi juu ya wiki za kwanza. Aliyesoma habari za mkono aliulizwa habari za mkono. Karibu na fomu waliweka barua moja nzima ya marehemu, ili mtu aonje kabla ya kukubali. Maneno ya fomu waliyabishania mchana kutwa, yakaishia hivi:

"Barua hii ni ya mwanamke aliyekatwa titi, anayesubiri kukatwa, au mtu anayemuuguza. Inakuja kila Ijumaa. Anayeiandika ni fundi wa sidiria, si daktari. Kichwa cha barua hakitaji ugonjwa. Ukichoka unajitoa mara moja, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Chini yake palikuwa na nafasi mbili tu, ya anwani ya barua pepe na nyingine iliyouliza, "Tukuite nani?" Kitufe hakikusema "Tuma." Kilisema "Niandikieni." Aliyekibonyeza alipelekewa barua ya kuthibitisha, na ilimbidi abonyeze tena humo ndani ndipo aingie kwenye orodha.

"Huo mlango wa pili utawashinda wengine," mpishi alionya.

"Wengine utawashinda," binti alikubali. "Nitawaeleza palepale waitafute mpaka kwenye folda ya taka, na waihifadhi anwani yetu. Lakini mwenye anwani ya uongo hatapita, na aliyeandikishwa na mwenzake kwa mzaha hatapita."

Wiki ya kwanza hakupita mtu yeyote. Binti alitazama asubuhi, akafunga kompyuta, akaenda kunawa uso. Kisha akaingia mmoja aliyejiita Kimya. Baada yake Mama Pacha, halafu mwingine aliyeandika tu "Mimi." Walikuja kwa kudondoka, siku nyingine wawili, siku nyingine hakuna. Lakini hawa walifungua barua zao, na kwa kuwa walifungua, barua zikaanza kidogokidogo kutoka kwenye takataka hata za wale wa zamani. Na walijibu. Kimya aliandika kwamba amelala chali usiku mzima kwa mara ya kwanza. Mama Pacha alitaka kujua atawaogeshaje watoto. Majibu yalikuwa mengi kuliko wakati wa maelfu, na mpishi akapewa kazi ya kuyasoma kwa sauti huku mkono wake mzima ukijaza mito kwa mbegu na pamba. Alipewa ujira wake kama mfanyakazi yeyote. Hata hivyo kuna saa alikuwa akinyamaza ghafla, hasa shule zilipokuwa zimefunguliwa, na ilijulikana anazikumbuka sufuria zake. Mkono haukurudi ulivyokuwa.

Akatokea mmoja aliyejaza jina "Mume." Binti alikunja uso. Yaliyopita yalikuwa bado yanamuuma. "Namtoa huyu."

"Muulize kwanza," Mama Vikombe alisema. "Fomu yetu imesema na anayemuuguza."

Yule Mume alijibu siku hiyohiyo kwa sentensi fupifupi. Alikuwa fundi bomba. Mke wake hakuwa na barua pepe, na kusoma kulimchosha macho. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea, Ijumaa baada ya kazi, ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliomba radhi kama si mahali pake. Walimbakiza, na mara mojamoja aliuliza kitu: mke anaona baridi upande mmoja tu, ni kawaida? Mto unaweza kufuliwa?

Halafu siku moja mpishi alianza kusoma barua ya Mume, akaacha katikati, akaimalizia kwa sauti ya chini. Mume alikuwa ameandika: "Mke wangu tumemzika juzi. Nadhani natakiwa nijitoe. Nimekwenda mara mbili mpaka kwenye kile kitufe nimeshindwa. Ijumaa naketi palepale. Kama mtaniruhusu niendelee kusoma, nitashukuru."

Cherehani ilisimama. Mama Vikombe alitoa mguu kwenye kanyagio.

"Mwambie akae," alisema. "Akae mpaka atakapochoka mwenyewe. Na barua ya wiki hii itakuwa ya waliobaki nyumbani. Mwanangu, hiyo uiandike wewe. Mimi nitashona."

Binti alisema hajui aanze vipi. Lakini aliandika mchana kutwa, mara akisimama, mara akirudi, na hakumsomea mtu kabla ya kuituma. Humo alieleza jinsi mtu anavyoweza kupanga viti na kushukuru wageni na bado asijue kwamba mama yake amekufa. Alieleza namna alivyokuwa akihesabu watu. Majibu ya Ijumaa hiyo yaliendelea kuja mpaka Jumatatu.

Miezi ilipita. Orodha haikurudi kuwa ya maelfu, wala hakuna aliyeitaka iwe. Wakati wa mvua alijiandikisha mwanamke aliyejiita Mgeni. Alikuwa amehamia mji huohuo kwa kazi, hana ndugu, na upasuaji wake umepangwa. Aliandika kwa aibu: je, wanamfahamu mtu yeyote anayeweza kumsindikiza asubuhi hiyo, asimame naye tu mpaka aitwe? Hospitali ilikuwa ileile, na wodi ileile aliyolala marehemu.

Mpishi alisoma, akawatazama wenzake. "Ningekwenda mimi, lakini akiuona mkono huu atakimbia na gauni la hospitali."

Walicheka kidogo. Mama Vikombe alikuwa tayari anatafuta viatu vyake kwa macho.

"Nitakwenda mimi," binti alisema.

"Una uhakika? Hujakanyaga kule tangu..."

"Sina uhakika, mama mdogo. Lakini ameniandikia mimi."

Asubuhi ya siku yenyewe alitoka mapema na mwavuli. Mama Vikombe alishona siku nzima na hakumaliza hata sidiria moja. Mchana mpishi aliuliza mara kadhaa kama simu imeita, mpaka wakaiweka katikati ya meza ili wote waione. Jioni mlango wa kioo ulifunguka, binti akaingia, viatu vimelowa, uso umechoka. Alivua koti akalitundika kwenye msumari.

"Ametoka salama," alisema. "Alipofumbua macho, kwa ulevi wa dawa, hakunijua. Nikamwambia mimi ndiye wa barua, akanishika mkono akalala tena."

"Na wewe?" Mama Vikombe aliuliza.

"Nilipita mbele ya kile kitanda cha mama. Amelazwa mtu mwingine, anasuka kofia." Aliketi, akasugua miguu yake ya baridi. "Naomba chai. Na mkisome kipimo cha Mgeni, nilimpima kabla hajaitwa, nimekiandika hapa mkononi. Nimemwahidi kwamba akitoka hospitali sidiria yake itakuwa tayari."

Mama Vikombe alisogeza taa karibu, akaushika mkono wa msichana, akasoma namba zilizoandikwa kwa kalamu kwenye kiganja. Kisha akavuta kitambaa, akaanza kukata.